Namna ya kuamsha ubunifu katika timu ya kazini: mwongozo wa wiki sita

"Watu wangu wakiingia kikaoni hawasemi kitu, nifanyeje?" "Tuliweka sanduku la maoni, mbona liko tupu?" "Tulipata mawazo hamsini, mwezi ukapita na hakuna hata moja lililofanyika. Tulikosea wapi?" Maswali haya huulizwa kila mara na watu wanaoanza kuongoza timu, na majibu yake yameshikana. Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua, kwa timu ya watu kati ya 4 na 12, iwe ya ofisini, karakana, wodi au duka.

Jambo moja kwanza. Timu nyingi hazina upungufu wa mawazo. Zina upungufu wa majibu. Mtu alitoa wazo, akaambiwa "tutaliangalia", likaishia hapo. Mara ya pili akanyamaza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa chini haihusu kuwachangamsha watu. Inahusu njia ambayo wazo litapita tangu linapoandikwa hadi linapojaribiwa, au linapokataliwa kwa sababu iliyotajwa waziwazi. Kama huna muda wa kufanya yote, fanya hatua ya 1, ya 6 na ya 7, kikao chenyewe kiache.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mwenye uamuzi. Huyu ni mtu anayeweza kusema "jaribuni" bila kupanda ngazi nyingine tatu kuomba saini. Kama si wewe, mpate, umweleze mpango mzima, na akubali mambo mawili kwa maandishi: mipaka (nini hakiguswi kabisa) na siku atakazotoa majibu. Mtu huyu akikosekana, usianze. Ni afadhali timu isiulizwe kuliko iulizwe kisha ipuuzwe.

Mwezeshaji ambaye si bosi wa walio chumbani. Kazi yake ni kusimamia saa na sheria. Yeye hatoi mawazo na hasifu wazo la mtu yeyote.

Muda. Saa 2 za kikao kimoja, nusu saa ya uchunguzi kwa kila mtu, na saa 2 kwa wiki kwa watu wawili au watatu watakaofanya majaribio. Saa hizo ziandikwe kwenye ratiba ya kazi, na kuna kitu kipunguzwe ili zipatikane. Ukiwaambia watu wabuni "wakipata nafasi", nafasi haitapatikana.

Vifaa kwa meza ya watu 6:
- karatasi 6 za A4 zilizochorwa jedwali la safu wima 3 na safu mlalo 6;
- karatasi ndogo za kubandika zipatazo 60, zote rangi moja;
- kalamu 6 za wino wa rangi moja, ili isijulikane kirahisi nani kaandika nini;
- vibandiko vidogo vya nukta 24, au kalamu nene ya kuchorea nukta;
- ukuta mtupu au bango kitita;
- saa ya kuhesabu dakika yenye mlio.

Daftari la mawazo. Liwe la karatasi au faili ambalo timu nzima inaweza kulifungua. Safu zake: namba, tarehe, wazo, hali yake (linasubiri, linajaribiwa, limekubaliwa, limekataliwa), anayelifuatilia, tarehe ya jibu, sababu. Usiweke safu ya "umuhimu" mwanzoni. Ukiiweka, watu wataanza kuyapima mawazo kabla hawajamaliza kuyaandika.

Hatua ya 1: Jibu mawazo ya zamani (wiki ya 1)

Kabla ya kuomba mapya, kusanya mapendekezo yote ya mwaka mmoja uliopita ambayo hayakupata jibu. Pitia kumbukumbu za vikao, barua pepe, sanduku la maoni, na uwaulize watu ana kwa ana: "Kuna jambo uliwahi kupendekeza ukasubiri jibu hadi leo?" Yaingize kwenye daftari, kisha kila moja lipewe jibu mojawapo kati ya matatu:

- Ndiyo, litaanza tarehe fulani, chini ya fulani.
- Hapana, kwa sababu hii.
- Bado, tutalirudia tarehe fulani, tukishajua jambo hili.

Kisha chagua mambo madogo mawili au matatu yanayoweza kumalizwa wiki hiyohiyo, yamalizwe: fomu inayouliza taarifa ileile mara mbili, kabati lililo mbali na mtu anayelitumia, kibali kinachohitaji saini mbili wakati moja inatosha. Watu huamini wanachokiona kimebadilika, na bila imani hiyo utakachokusanya kwenye hatua ya 4 ni heshima tu.

Kosa la kawaida: kujibu yale ya "ndiyo" peke yake na kuyaacha ya "hapana" yajifie. "Hapana" yenye sababu haimvunji mtu moyo kama ukimya unavyomvunja.

Hatua ya 2: Andika swali (wiki ya 1)

Hapa ndipo vikao vingi huharibika kabla havijafanyika. "Leteni mawazo ya kuboresha huduma" si swali. Halina mtu ndani yake, halina mpaka, na halimwambii mjibu aanzie wapi. Upande wa pili kuna swali lililokwisha kujijibu: "Tununue programu gani ya kupokea malalamiko?" Hilo linadhani dawa ni programu, na lisilo programu halitaandikwa na mtu.

Swali zuri lianze na "Tufanyeje ili", limtaje anayeguswa, liseme nini kibadilike, na liweke mpaka mmoja au miwili. Mfano ambao tutautumia hadi mwisho:

*Tufanyeje ili mteja anayeleta malalamiko apate jibu la kwanza ndani ya siku moja, bila kuongeza mfanyakazi?*

Mpaka husaidia kwa sababu hufunga njia ya kwanza ambayo kila mtu angeikimbilia (hapa, kuajiri). Lakini ukiweka mipaka minne au mitano, unakuwa umeshaandika jibu lako na unatafuta watu wa kulitia sahihi.

Andika swali lako kwa namna tano tofauti, kisha umpelekee mtu wa nje ya timu. Akiweza kutoa majibu matatu yasiyofanana ndani ya dakika mbili, swali linafaa. Akikuuliza "unamaanisha nini hasa?", ni pana mno. Majibu yake yote yakiwa ya namna moja, limebana mno.

Hatua ya 3: Tuma watu wakaone (wiki ya 2, kabla ya kikao)

Siku mbili au tatu kabla ya kikao, wape watu swali, na kila mmoja akae nusu saa mahali ambapo tatizo linatokea. Katika mfano wetu, mmoja anakaa karibu na anayepokea simu, mwingine anafuatilia lalamiko moja tangu lilipoingia hadi lilipojibiwa, wa tatu anasoma malalamiko kumi ya mwisho. Kila mtu arudi na mistari mitano inayoanza na "Nimeona", wala si "Nadhani". "Nimeona lalamiko likikaa saa nne kwa sababu aliyepokea hakujua nani wa kumpa" ni kitu cha kufanyia kazi. "Nadhani watu hawajali" si kitu.

Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo maana mawazo ya vikao vingi hufanana: watu wote wanachota kwenye kumbukumbu ileile ya ofisini.

Hatua ya 4: Endesha kikao (wiki ya 2)

Zamani ilizoeleka kuwakusanya watu na kuwaambia wabungue bongo kwa sauti. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani aliyeieneza mbinu hiyo, aliiwekea sheria nne ambazo bado zinafaa: usikosoe wakati wa kutoa mawazo, karibisha yasiyo ya kawaida, tafuta wingi, unganisha na uboreshe ya wenzako. Tatizo liko kwenye kusema kwa sauti. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu wanaofikiri peke yao, kisha mawazo yao yakajumlishwa, hutoa mengi kuliko idadi ileile ya watu wakiwa kikundi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: anapoongea mmoja, wengine wanasubiri, na wakati wa kusubiri wazo hupotea au mtu hulikata mwenyewe. Kwa hiyo katika kikao hiki watu wanaandika kwanza. Nadharia inatosha hapo.

1. Dakika 0 hadi 10: kufungua. Mwezeshaji anasoma swali, mipaka, jina la mwenye uamuzi na tarehe ya jibu. Kisha kila mtu anasoma mistari yake mitano ya "Nimeona". Hakuna kujadili.

2. Dakika 10 hadi 20: kuandika peke yako, kimya. Lengo ni mawazo 5 au zaidi kwa mtu. Karibu na dakika ya nne wengi wataweka kalamu chini. Mwezeshaji asifupishe muda. Yale ya mwanzo huwa ni yale ambayo kila mtu anayo, na yanayokuja baada ya kukwama mara nyingi ndiyo mapya.

3. Dakika 20 hadi 55: karatasi zinazozunguka. Mbinu hii ilibuniwa na Mjerumani Bernd Rohrbach miaka ya 1960 na huitwa 6-3-5: watu 6, mawazo 3, dakika 5. Kila mtu anachukua karatasi yenye jedwali na kujaza safu mlalo ya kwanza kwa mawazo yake matatu bora, sentensi moja kamili kwa kila kisanduku. Mlio ukilia, karatasi inahamia kwa jirani wa kulia. Unayeipokea unasoma yaliyomo, kisha unaongeza matatu: ya kuendeleza yaliyoandikwa juu yako au mapya kabisa. Baada ya raundi 6 visanduku ni 108. Raundi mbili za mwisho ziongezee dakika moja moja, maana yaliyomo ya kusoma yameongezeka. Msiwe na hofu mkiona marudio, ni kawaida.

   Watu 5 watumie safu mlalo 5 (visanduku 75), watu 4 watumie 4 (visanduku 48). Wakiwa 7, wakae meza moja na mkomee raundi ya 6. Kuanzia 8, gawanya meza mbili.

4. Dakika 55 hadi 65: mapumziko. Yasifutwe, hata mkiwa mmechelewa.

5. Dakika 65 hadi 85: kupanga. Kila mtu anahamisha mawazo kati ya 4 na 6 kutoka kwenye karatasi iliyo mbele yake na kuyaweka kwenye karatasi ndogo, wazo moja kwa kila karatasi, kwa herufi kubwa. Achague yenye nguvu na walau moja la ajabu. Zinabandikwa ukutani. Kwa dakika tano za kwanza watu wanazisogeza kimya, zinazohusiana zikae pamoja. Baada ya hapo ndipo wanaongea, wanavipa vikundi majina na kila karatasi namba. Jina la kikundi liwe na kitendo: "Kumjua mhusika mapema" linasaidia kuliko "Mawasiliano".

6. Dakika 85 hadi 95: kura. Kila mtu ana nukta 4, zisizidi 2 kwa wazo moja. Kwanza aandike namba anazozichagua kwenye kipande cha karatasi, halafu wote wabandike kwa pamoja. Wakibandika mmoja mmoja, nukta za tatu na za nne hufuata za kwanza. Mwenye uamuzi akiwepo, hapigi kura.

Zikiisha nguvu katikati ya raundi, mwezeshaji anaweza kusoma mojawapo ya vichokoo hivi: ondoa sehemu moja ya kazi, nini kitatokea? Badili mtu anayeifanya. Unganisha hatua mbili. Geuza mpangilio, cha mwisho kiwe cha kwanza. Azima namna kazi nyingine kabisa inavyolitatua jambo hili. Au geuza swali lenyewe: *tufanyeje ili jibu lichelewe kadiri inavyowezekana?* Watu huandika haraka sana hapo, kwa kuwa wanayajua yanayochelewesha. Kisha kila jibu linageuzwa juu chini kuwa wazo.

Wanatimu wakiwa wanafanya kazi wakiwa mahali tofauti, kila mtu apewe ukurasa wake katika faili la pamoja na kurasa zizungushwe kwa orodha ya majina iliyopangwa kabla. Wakati wa kuandika, kamera na sauti zizimwe. Kupanga kufanywe na watu wawili baada ya kikao, na kura ipigwe kesho yake.

Onyo: mwezeshaji asiseme "wazo zuri!" kwa yeyote. Akisifu moja, yaliyobaki yamehukumiwa, na yanayofuata yatafanana na lililosifiwa. "Asante, endelea" inatosha kwa wote.

Hatua ya 5: Chagua matatu (wiki ya 3)

Usichague siku ya kikao. Watu waliochoka huchagua kilicho salama. Ndani ya siku mbili za kazi, wewe na mwenye uamuzi mkae na karatasi zote ukutani, pamoja na matokeo ya kura. Kura ni ushauri tu. Chukueni mawazo matatu ya aina tofauti: moja jepesi linaloweza kuanza kesho, moja linaloonekana kuwa na athari kubwa zaidi, na moja la ajabu ambalo walau mtu mmoja chumbani analitetea kwa nguvu. Hili la tatu litapata kura chache, kwa sababu kura hupenda yanayoeleweka upesi. Mkiliacha kila mara, timu itajifunza kutoyaandika mawazo ya aina hiyo.

Matatu ni kikomo. Majaribio matano kwa timu ya watu 6 maana yake hakuna linalofanywa vizuri.

Karatasi zote ndogo ziingie kwenye daftari siku hiyohiyo. Yale yaliyobaki kwenye karatasi kubwa yahifadhiwe. Usizitupe.

Hatua ya 6: Fanya jaribio dogo (wiki ya 3 hadi ya 5)

Wazo halihitaji idhini ya kutekelezwa. Linahitaji idhini ya kujaribiwa, na hiyo ni rahisi kupatikana jaribio likiwa dogo, fupi na linalorudishika. Kila wazo lipewe kadi ya mistari mitano:

1. Tunaamini kwamba…
2. Tutafanya nini, nani atafanya.
3. Kwa nani au wapi, tangu lini hadi lini (isizidi siku 10 za kazi).
4. Tutapima nini, na sasa hivi kipimo hicho kinasomaje.
5. Tutaendelea ikiwa…, tutaacha ikiwa…

Kadi ya mfano wetu. Tunaamini malalamiko huchelewa kwa sababu aliyepokea hajui wa kumpa. Atakayepokea atampigia mteja simu mwenyewe siku hiyohiyo, akitumia maelezo ya sentensi tatu: tumepokea, anayeshughulikia ni fulani, utasikia kutoka kwetu siku fulani. Litafanyika kwa malalamiko 20 yajayo au siku 10 za kazi, kitakachotangulia. Tulipotazama 20 yaliyopita, 7 yalijibiwa ndani ya siku moja. Yakifika 14 au zaidi, tunaendelea kwa timu nzima. Yasipofika 10, tunaacha. Kati ya hapo, tunarekebisha kitu kimoja na kurudia mara moja tu. Siku 10 zikitangulia, linganisheni kwa uwiano uleule.

Angalia mstari wa nne. Kipimo cha "sasa hivi" kichukuliwe kabla ya jaribio kuanza. Kikisahaulika, mwisho wa jaribio kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake kuhusu hali ilivyokuwa, na mwenye sauti kubwa atashinda. Mstari wa tano nao uandikwe kabla, kwa sababu baada ya kazi ya wiki mbili hakuna anayependa kuacha.

Makosa yanayorudiwa sana hapa ni mawili. La kwanza ni kubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, matokeo yakija hujui ni lipi lililoyaleta. La pili ni kulitangaza wazo kwa ofisi nzima kabla ya jaribio. Likishatangazwa, kushindwa kwake kunakuwa aibu ya mtu, na jaribio linalobeba aibu ya mtu halitasema ukweli.

Tahadhari: jambo linalogusa usalama wa watu, sheria, fedha za wateja au taarifa zao za siri halijaribiwi kwa kadi peke yake. Lazima mhusika wa eneo hilo alipitie kwanza.

Hatua ya 7: Toa majibu (wiki ya 6)

Kikao cha dakika 30, watu walewale. Kila jaribio lipewe dakika 6: tulitegemea nini, kimetokea nini, kwa nini tofauti, tunafanya nini sasa. Mwenye uamuzi anatamka uamuzi papo hapo.

Dakika zilizobaki ni za mawazo mengine yaliyo kwenye daftari. Yanayofanana yaunganishwe, kisha kila kundi lipate jibu kwa mtindo wa hatua ya 1. Sababu ya kukataa iwe mahususi. "Haiwezekani kwa sasa" si sababu. "Linahitaji ruhusa ya kitengo cha fedha, nao wamekataa kwa kuwa stakabadhi lazima ziwe na saini mbili" ni sababu, tena mara nyingine humfanya mwenye wazo aone njia ya kuzunguka.

Wazo lililofaulu litajwe na watu wote waliolijenga, wakiwa tayari kujitaja: aliyeandika mbegu yake, aliyeongeza kwenye raundi ya tatu, waliolijaribu. Kumpa sifa meneja aliyeliwasilisha juu ni njia ya haraka ya kuifunga timu midomo.

Kuhusu zawadi za fedha, uangalifu unahitajika. Mwaka 1962 Sam Glucksberg aliwapa watu fumbo la kushikiza mshumaa ukutani. Fumbo lilipohitaji kuona kitu kwa jicho jipya, walioahidiwa fedha walichelewa kulitatua kuliko wasioahidiwa. Lilipopangwa hivi kwamba jibu liko wazi, wenye ahadi ya fedha waliwahi. Kazi yako hapa ni ya aina ya kwanza. Ahadi ya "wazo bora la mwezi" pia huwafanya watu wafiche mawazo badala ya kuyajenga pamoja. Kama unataka kutoa kitu, toa baada ya kazi, kwa timu yote, bila kuahidi kabla. Na kinachothaminiwa zaidi na watu wengi ni muda wa kuliendeleza wazo lao.

Hatua ya 8: Yaingize kwenye kazi za kila siku

Mzunguko mmoja kila robo mwaka unatosha. Kati ya mizunguko, shika mazoea haya machache.

Katika kila kikao chenye swali la kuamuliwa, watu waandike kwa dakika 3 kabla mtu yeyote hajaongea. Kiongozi aseme mwisho. Haya mawili hayagharimu chochote, na tofauti yake utaiona ndani ya vikao vichache.

Angalia maneno yako wazo linapokufikia. "Tulishajaribu" ibadilike kuwa "Tulijaribu mwaka fulani, tukakwama hapa, safari hii nini kingekuwa tofauti?" "Bajeti hatuna" iwe "Kipande gani cha wazo hili kinaweza kujaribiwa bila fedha?" Na mtu akikuletea wazo mkiwa ukumbini, usimtume akaandike ripoti. Andika wewe mstari mmoja kwenye daftari mbele yake, na umtajie siku ya jibu.

Pima mambo mawili tu: siku zinazopita kati ya wazo kuandikwa na kujibiwa, na majaribio yaliyokamilika, yaliyofaulu na yaliyoshindwa kwa pamoja. Idadi ya mawazo usiipime wala usiweke lengo la "mawazo mawili kwa kila mtu kwa mwezi". Ukifanya hivyo utaletewa mawili, ya kujaza fomu.

Mambo yakikwama

*Karatasi ziko tupu.* Tazama kama zinakuwa tupu bosi akiwemo tu. Kama ndivyo, atoke wakati wa kuandika, arudi wakati wa kupanga. Kama zinakuwa tupu hata asipokuwemo, swali ni pana, au hatua ya 3 haikufanywa.

*Wanaandika malalamiko badala ya mawazo.* Waache. Lalamiko ni uchunguzi uliovaa hasira. Kila moja ligeuzwe kuwa "Tufanyeje ili" na mlijibu kama mengine. Malalamiko yakiwa zaidi ya nusu, simamisha mzunguko urudi hatua ya 1, kuna deni la zamani ambalo halijalipwa.

*Mawazo yote yanafanana.* Alika watu wawili wa kitengo kingine, hasa wanaopokea kazi baada ya timu yako au wanaoileta kwenu. Tumia swali lililogeuzwa.

*Mtu mmoja anatawala.* Ongeza muda wa kuandika, punguza wa kuongea. Msikabiliane naye mbele ya watu. Mara nyingi anaongea sana kwa sababu hakuna njia nyingine ya kusikika, na daftari linampa njia hiyo.

*Kuna mtu anayepinga kila kitu.* Mpe kazi inayohitaji jicho lake. Kabla ya jaribio kuanza, timu ifanye zoezi lililoenezwa na mwanasaikolojia Gary Klein: chukulieni kwamba muda umepita na jaribio limeshindwa vibaya, kila mtu aandike kwa dakika 5 sababu za kushindwa. Sababu tatu zinazojirudia zirekebishwe kwenye kadi. Mpingaji hapo huwa na mchango kuliko wote.

*Mwenye uamuzi amekataa yote matatu.* Rudi kwenye mipaka aliyoiandika. Kama mawazo yamevuka mipaka, mwezeshaji hakuisoma vizuri. Kama hayakuvuka, muulize ni kipande gani kidogo zaidi angekubali kijaribiwe kwa siku 3. Asipokubali hata hicho, waambie timu ukweli huo kama ulivyo, na usiitishe kikao kingine chini yake.

*Jaribio limeshindwa na watu wamekata tamaa.* Tenganisha mambo mawili: wazo limeshindwa, au jaribio halikufanyika kama kadi ilivyosema? Hesabu ni mara ngapi hatua ya mstari wa 2 ilifanywa kweli. Ikiwa kati ya malalamiko 20 simu ilipigwa kwa 9 tu, hujajua bado kama wazo linafaa. Tafuta kwanza kilichozuia simu 11 zilizobaki, kirekebishwe, kisha mrudie.

*Kila kitu kinakwenda vizuri hadi wiki ya 4, kisha kinanyamaza.* Zile saa 2 zimeliwa na kazi za kawaida. Fungua ratiba pamoja na mnaofanya jaribio, mtaje kwa jina kazi itakayosimama hadi jaribio liishe, na mwenye uamuzi aithibitishe kwa maandishi siku hiyo.